Vitabu vya Hungaria na mlango wa aliyerudi nyumbani

Mchana wa tarehe 9 Oktoba 2025 nilikuwa mpakani Mugina, nikingoja gari la sembe kutoka Manyovu lipite ukaguzi. Redio ya dereva mmoja ilitangaza kwamba tuzo ya Nobel ya fasihi ya mwaka huo imekwenda kwa László Krasznahorkai, mwandishi wa Hungaria. Mama mmoja muuza mawese, anayenijua tangu nilipokuwa nafundisha kambini, aliniuliza: "Mwalimu, na hao nao wanatuhusu nini?"

Sikumjibu vizuri siku ile, kwa sababu gari liliitwa na kila mtu akakimbilia mzigo wake. Lakini swali lake lilikuwa la haki, na makala haya ndiyo jibu langu kwake na kwa wengine walio kama yeye, yaani sisi tunaoishi kwa kuvuka mpaka na sisi tuliorudi kutoka ukimbizini.

Jibu kwa kifupi ni hili. Hungaria ni nchi ndogo ya katikati ya Ulaya, isiyo na bahari, ambayo kwa muda wa miaka mia moja imeshuhudia vita, uhamisho wa nguvu, kambi, ukimbizi na marejeo. Watu wake waliandika. Na katika vitabu vyao bora kuna jambo moja linalorudi tena na tena, nalo ni mtu amesimama mlangoni pa nyumba aliyoiita kwao, akingoja kuona nani atafungua.

Kitabu cha kwanza nilikipata kwa bahati. Mwaka 2012, katika barabara moja ya Bujumbura ambako vijana hupanga vitabu vilivyotumika juu ya turubai, nilinunua riwaya nyembamba ya Kifaransa kwa bei isiyofika kilo moja ya ndagala kavu. Jina lake Le Grand Cahier, mwandishi Ágota Kristóf. Nilidhani ni Mswisi. Niliisoma usiku mmoja, na asubuhi nilirudi kwa kijana yule kuuliza kama ana kingine cha mama huyu.

Kabla ya kumzungumzia, inafaa tukumbushane historia kidogo. Mwaka 1944 Wajerumani waliivamia Hungaria, na kwa muda wa majuma yapatayo manane Wayahudi zaidi ya 430,000 walipakiwa katika mabehewa ya treni kupelekwa kambini, wengi wao Auschwitz. Baada ya vita nchi iliangukia mikononi mwa wakomunisti. Tarehe 23 Oktoba 1956 wananchi walisimama kudai uhuru, na tarehe 4 Novemba vifaru vya Umoja wa Kisovieti vikaingia Budapest kwa nguvu. Watu wapatao 200,000 walikimbia, wengi wao kwa miguu usiku kuelekea Austria. Waya wa mpaka ule haukuondolewa mpaka 1989.

Tuanze na aliyerudi kutoka kambini. Imre Kertész alikuwa na umri wa miaka 14 alipochukuliwa mwaka 1944. Alipitia Auschwitz na Buchenwald, akarudi Budapest akiwa hai. Riwaya yake Sorstalanság, maana yake hali ya kunyimwa hatima yako mwenyewe, ilitoka 1975 na haikupokelewa kwa shangwe. Miaka 27 baadaye, mwaka 2002, alipewa tuzo ya Nobel. Krasznahorkai ni Mhungaria wa pili kupewa tuzo hiyo ya fasihi.

Sehemu ya kitabu hicho ambayo mimi sitaisahau si ile ya kambini, ni ya mwisho, kijana aliporejea mjini kwao. Anapanda tramu akiwa bado na nguo za kambi, na mkaguzi anamdai tiketi. Msafiri mmoja, ambaye ni mwandishi wa habari, anamlipia, kisha anataka asimuliwe jehanamu ilivyokuwa. Kijana anafika kwao, anagonga, na mwanamke asiyemjua anafungua, anamtazama, anafunga. Majirani wazee wanamkaribisha na kumweleza kwamba baba yake amekufa na mama wa kambo ameolewa na mwingine. Halafu wanampa ushauri wa upole kwamba asahau yote, aanze maisha mapya.

Msomaji uliyeshuka kwenye lori la shirika la wakimbizi, ukiwa na kifurushi chako cha maharage na mabati, unalijua tukio hili. Kuna anayekudai karatasi, anayetaka hadithi, aliye ndani ya nyumba, na mwenye nia njema anayekuambia usahau. Kertész hamlaani hata mmoja wao. Anachokataa ni kuambiwa kwamba miaka yake ile haikuwa maisha. Aliiishi hatua kwa hatua, na hawezi kuanza upya kana kwamba aliyepita humo alikuwa mtu mwingine.

Sasa nimrudie Ágota Kristóf. Alizaliwa 1935 katika kijiji cha Csikvánd, akakulia Kőszeg, mji mdogo ulio karibu kabisa na mpaka wa Austria. Mwaka 1956 akiwa na miaka 21 alivuka mpaka usiku pamoja na mumewe na binti yao mchanga wa miezi michache. Katika kitabu chake kifupi cha kumbukumbu, L'Analphabète, kilichotoka 2004, anasema alibeba mifuko miwili. Mmoja ulikuwa na chupa na nguo za mtoto, wa pili ulikuwa na kamusi. Kila aliyewahi kukimbia hujiuliza alibeba nini na aliacha nini. Mimi mwaka 1993 nilibeba redio isiyo na betri.

Walipelekwa Neuchâtel, Uswisi. Huko alifanya kazi miaka mitano katika kiwanda cha saa, akitunga mashairi kichwani kwa mdundo wa mashine. Mtu aliyejua kusoma tangu akiwa na miaka minne akajikuta hajui kusoma, kwa kuwa lugha ya nchi ile hakuijua. Ndiyo maana kitabu akakiita hivyo, yaani asiyejua kusoma. Anakiita Kifaransa lugha adui, si kwa kukidharau, bali kwa sababu kilikuwa kinaiua lugha ya mama yake. Anawataja pia wenzake waliokimbia naye. Wapo waliorudi Hungaria huku wakijua kifungo kinawasubiri, na wapo waliojiua. Chakula na kitanda walikuwa navyo. Hayo mawili peke yake hayakutosha.

Riwaya zake tatu, Le Grand Cahier (1986), La Preuve (1988) na Le Troisième Mensonge (1991), ni hadithi ya ndugu pacha katika mji wa mpakani wakati wa vita. Nchi haitajwi jina, lakini aliyeisoma historia ya Kőszeg ataitambua. Watoto wanaachwa kwa bibi mkali, wanajizoesha njaa, kipigo na matusi ili visiwaumize tena, na wanaandika kila jambo katika daftari kubwa kwa sharti moja, kwamba liandikwe lililotendeka tu, bila pambo. Mwisho wake mpaka wenye mabomu ya ardhini unavukwa kwa gharama ambayo sitaieleza hapa, ila ni baba anayeilipa. Pacha mmoja anavuka, mmoja anabaki.

Katika kitabu cha tatu aliyevuka anarudi baada ya miaka mingi. Muda wa viza yake umekwisha, kwa hiyo anawekwa rumande katika mji uleule aliokulia. Anamtafuta ndugu yake mpaka anampata. Na ndugu yule, akiwa anamjua vizuri ni nani, anakana. Hana ndugu aliye hai, anasema. Si kwa sababu ya shamba wala fedha. Ni kwa sababu nyumba ile imejengwa upya juu ya kutokuwepo kwa yule mwingine, na akiingia, kila kitu ndani yake kitaanguka, kuanzia kwa mama yao mgonjwa.

Niliposoma hapo niliweka kitabu chini, kwa sababu nilikumbuka mlango wangu mwenyewe.

Nilirejea 2008, katika mwaka ambao malori yalikuwa yanashusha watu kila wiki. Kiwanja cha marehemu baba kiko Nyanza-Lac, juu kidogo ya ziwa. Ndani ya nyumba nilimkuta mtoto wa baba yangu mdogo, ambaye kwetu ni kaka tu, na amenizidi miaka sita. Alinipa kiti, akanipa maji ya kunywa, akanisalimia kwa jina la baba yangu kama ilivyo heshima. Lakini kiti alikiweka uani. Nilikaa pale tangu saa nne asubuhi hadi jua lilipozama, na hakusema "karibu ndani". Shauri letu lilikwenda kwa wazee, kisha kwa kamati, na baada ya miaka mitatu tuligawana shamba kwa mstari wa michikichi kumi na minne. Kwa miaka mingi, popote nilipokaa na waliorudi wenzangu, nilimtaja kama mwizi. Nao walikuwa na wezi wao, na sote tulikubaliana.

Hapa ndipo vitabu vya Hungaria vilipofanya jambo ambalo mikutano ya upatanishi haikunifanyia. Vilinipeleka upande wa pili wa mlango.

Magda Szabó hakukimbia. Alibaki. Mwaka 1949 alipewa tuzo kubwa ya fasihi na siku hiyohiyo akanyang'anywa, na kwa miaka takribani kumi hakuruhusiwa kuchapisha. Riwaya yake Az ajtó, yaani Mlango, ilitoka 1987, na tafsiri yake ya Kifaransa, La Porte, ilipata tuzo ya Femina kwa vitabu vya kigeni mwaka 2003. Ni habari ya mwandishi na mama mzee anayemfanyia kazi za nyumbani, jina lake Emerence. Mama huyu anafagia theluji ya mtaa mzima, anapeleka chakula kwa wagonjwa, lakini mlango wa nyumba yake haufungui kwa yeyote. Kidogo kidogo tunajua kwamba mtu huyu aliwahi kuwaficha waliowindwa, bila kuuliza ni wa upande gani. Mwandishi anaaminiwa, anaruhusiwa kuingia. Siku Emerence anapougua, mwandishi huyo, kwa nia njema, anakubali mlango uvunjwe ili aokolewe. Mwili unaokolewa, lakini aibu ya kuonekana na watu wote inamvunja mzee yule.

Baada ya kukisoma kitabu hicho nilijiuliza swali ambalo sikuwahi kumwuliza kaka yangu kwa miaka saba. Nilimdai shamba, hati, mashahidi. Sikumwuliza hata mara moja: "Kati ya 1993 na 2008 wewe ulilala wapi?"

Nilimwuliza mwaka 2015, tukiwa tunavuna mawese kila mmoja upande wake wa mstari. Hakujibu siku hiyo. Majuma mawili baadaye alikuja kwangu mwenyewe akasema: "Mdogo wangu, bibi nilimzika mimi, usiku, peke yangu, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kushika jembe la pili." Alinieleza miezi waliyolala porini, na mara mbili nyumba ilipoezuliwa akaiezeka. Mabati niliyokuwa nikiyadai kama ya baba yangu ndiyo aliyoyanunua yeye. Sisi tuliokuwa kambini tulikuwa na mgao wa unga na shule. Wao walikuwa na nyumba, na hofu kila usiku.

Siandiki haya ili kusema kwamba kila aliye ndani ya nyumba ya mwenzake ana haki. Wapo walionyang'anya kwa makusudi, na sheria iwafuate. Ninasema kwamba aliyebaki naye ana kitabu chake, na sisi tuliorudi hatujakisoma.

Tena yapo ambayo kuyajua kunauma. Péter Esterházy, wa ukoo mkubwa wa watawala ulionyang'anywa mali na wakomunisti, alitumia miaka mingi kuandika Harmonia caelestis, kitabu kinene cha kumtukuza baba yake na ukoo wake, kilichotoka 2000. Mwaka huohuo alikwenda kwenye hifadhi ya nyaraka za polisi wa siri na kupewa majalada manne yenye mwandiko wa baba yake. Baba aliyemtukuza alikuwa mtoa habari wa polisi tangu 1957 hadi 1980. Esterházy hakuficha. Mwaka 2002 alitoa kitabu kingine, Javított kiadás, yaani toleo lililosahihishwa, akanakili majalada yale na kuonyesha hata mahali alipolia wakati wa kuyasoma. Naye Kati Marton, aliyeondoka Budapest akiwa mtoto na kukulia Marekani, alifungua jalada la wazazi wake, waandishi wa habari waliokamatwa 1955, na kuandika Enemies of the People (2009). Humo alikuta jinsi watu wa karibu na nyumba yao walivyopeleka habari zao.

Kwetu bado tunabishana kama ya kale yafukuliwe au yaachwe. Funzo ninalolipata kwa Wahungaria hawa wawili ni kwamba nyaraka zikifunguliwa, anayezisoma awe tayari kukuta jina la mtu wake mwenyewe. Wengi wetu tunadai ukweli tukiamini utawahusu majirani.

Sasa nije kwa mshindi wa 2025, kwa sababu yeye anatuonya sisi tuliorudi. Riwaya yake ya kwanza, Sátántangó, ya mwaka 1985, ina sentensi ndefu ambazo zitamchosha msomaji wa haraka, lakini kisa chake ni chepesi kueleza. Kijiji kimechakaa, mvua haikatiki, watu hawana kazi. Inasikika kwamba Irimiás, aliyedhaniwa amekufa, anarudi. Wanamngoja kama mkombozi. Anakuja na maneno matamu juu ya maisha mapya mahali pengine, anachukua fedha zao zote, kisha anawatawanya huku na huko kwa faida yake, kumbe yeye na mwenzake ni watu wa polisi.

Tumewaona akina Irimiás. Wanarudi kutoka nje na suti na ahadi, wanaunda chama cha ushirika, wanakusanya michango ya uanachama, na msimu wa pili hawaonekani. Kurudi hakumfanyi mtu kuwa mwema, kama vile kubaki hakumfanyi mtu kuwa mwizi.

Mama muuza mawese atauliza: "Na sisi wa biashara?" Historia ya Hungaria ina neno kwa ajili yao pia. Tangu Januari 1988 raia walipewa pasipoti ya kwenda popote, na maelfu wakamiminika Vienna, si kuomba hifadhi, bali kununua. Maduka ya barabara ya Mariahilfer yaliweka matangazo kwa Kihungaria, na magari madogo yalirudi na majokofu ya Gorenje juu ya paa. Tarehe 27 Juni 1989 mawaziri wa mambo ya nje wa Hungaria na Austria, Gyula Horn na Alois Mock, walikata waya mbele ya wapiga picha. Picha ile inajulikana dunia nzima. Lakini zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mkasi wa mawaziri, jokofu lilikuwa limekwisha kuvuka. Muuza bidhaa ndogondogo wa mpakani ajue kwamba naye anafanya siasa ya nje, hata kama hakuna anayempiga picha.

Hata hivyo, nchi inaweza kusahau vitabu vyake. Septemba 2015 Hungaria hiyohiyo, ambayo watu wake walipokewa kwa makundi na Austria mwaka 1956, ilikamilisha uzio wa waya wa kilomita zipatazo 175 mpakani na Serbia kuwazuia wakimbizi waliotoka Syria, Afghanistan na kwingineko. Tarehe 13 Juni 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliitoza Hungaria faini ya euro milioni 200, na milioni moja kwa kila siku ya kuchelewa, kwa kukiuka sheria za kupokea waomba hifadhi. Kwa upande mwingine, mwaka 2022 Waukraine waliokimbia vita walivuka kwa wingi kuingia nchi hiyohiyo na kupewa hifadhi. Serikali ya Budapest ilieleza sababu zake za usalama, na kila nchi ina haki ya kulinda mpaka. Lakini mtu anayejua mifuko miwili ya Ágota Kristóf hawezi kuutazama waya ule bila kuuliza mama aliye upande wa pili amebeba nini.

Swali hilo lisiishie Ulaya. Nasi tuliopokewa Kigoma na Ngara, na huku kwetu tumepokea ndugu kutoka Kongo, tuna tabia ya kusahau upesi. Nimemsikia mtu aliyekula mgao miaka kumi na tano akiwaita wakimbizi wa leo mzigo.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sándor Márai, mwandishi mkubwa aliyeondoka Hungaria 1948, alikataa vitabu vyake vichapishwe kwao maadamu majeshi ya Kisovieti yako nchini. Alijiua San Diego, Marekani, Februari 1989, miezi minne kabla waya haujakatwa na mawaziri. Andrew Grove, aliyevuka akiwa kijana 1956 na baadaye kuiongoza kampuni ya Intel, alisimulia utoto wake katika Swimming Across (2001), lakini kwenda kuitazama Hungaria tena hakwenda. Ágota Kristóf alifariki Neuchâtel Julai 2011, na majivu yake yakarudishwa Kőszeg. Kila mmoja alichagua njia yake ya kurudi au ya kutorudi, na wote waliacha maandishi.

Hilo ndilo ombi langu kwa wasomaji wa ukurasa huu. Nunueni daftari. Aliyerudi aandike alivyopita, na aliyebaki aandike alivyolala. Kwa sharti la wale pacha, liandikwe lililotendeka tu. Shule zetu za mpakani zina vijana wanaoweza kuwaandikia wazee wasiojua kalamu. Kamati zitagawa mashamba, lakini kamati haina fomu ya kuuliza bibi alizikwa na nani.

Kaka yangu hajanieleza yote. Upo mwaka mmoja anaouruka kila anaposimulia, kutoka msimu wa mahindi hadi msimu wa mahindi, na sijamlazimisha. Nimejifunza kwa Emerence kwamba mlango wa mtu haupasuliwi. Mwezi uliopita alinikaribisha ndani kunywa chai. Ilikuwa mara ya tatu tangu 2008.